Dawa ya Asubuhi, Sinia la Jioni

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, hapa hapa mtaani kwetu Alunguli, baba yangu mkubwa Amisi aliposhona shati la mtoto akaziba mikono yote miwili. Aliliinua, akalitazama, akalikunja vizuri kama kazi iliyokwisha. Nilikuwa msichana aliyevunja ungo juzi juzi, mwepesi wa kucheka, nikacheka. Kisha nikaona uso wake umelowa jasho, na jua lilikuwa halijapanda wala hapakuwa na moto karibu. Kicheko kikanikauka.

Ninakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu jana ulikuja kuniambia kwamba mama yako ameanzishiwa sindano za sukari, na wewe ndiye utakayemchoma kila siku. Ulinionyesha jinsi ulivyofundishwa kushika sindano, mkono wako umetulia kabisa, nikafurahi. Lakini nilipokuuliza, "Na sukari ikishuka mno je?" uliniita bibi kwa lugha yetu, ukajibu kwa kujiamini, "Koko, si njo tunatafuta ishuke?" Basi kaa hapa karibu nami. Kwa jibu hilo hilo nyumba yetu ilikaribia kumzika mtu.

Baba Mkubwa alikuwa fundi wa kushona na mtu wa msikiti. Sauti yake haikuwahi kupanda, hata mteja akija kumsumbua. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao tangu kabla ya vita. Hospitalini walimpa vidonge vya kuishusha, wakamwambia ameze kila asubuhi kabla ya chai, na wakamwonya ajihadhari na vitu vitamu. Mkewe, Mama Mkubwa Mwamini, aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Kopo la dawa lilikaa ndani ya sanduku lake la nguo, na kila kulipokucha alikuwa amesimama mbele ya mumewe na kidonge na kikombe cha maji. Sijaona mke aliyempenda mumewe kuliko yule mama.

Kisha vita vikafika. Njia za kwenda mashambani zikawa za watu wenye bunduki, treni ikaacha kuja, na chai ya asubuhi ikatoweka nyumbani kwetu kimya kimya bila mtu kuiaga. Tulikula mara moja tu kwa siku, baada ya magharibi, bugali wa muhogo na sombe ya majani yake, mara nyingi bila chumvi. Ila kidonge hakikusikia habari za vita. Kiliendelea kuja kila asubuhi kama zamani.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza. Mikono ya Baba Mkubwa ikawa inatetemeka hata uzi haupiti kwenye tundu la sindano. Akasema anaona sindano mbili. Akasema moyo unamwenda mbio na kichwa kinamgonga, naye amekaa tu kwenye kiti. Yule mtu mpole akamfokea mbuzi wa jirani, akamfokea jirani mwenyewe, na maneno yakamtoka yamevutika kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Jioni akishakula, anakuwa yule yule wa siku zote, anatuuliza mbona tumenyamaza hivyo.

Watu walikuwa na majibu yao. Wengine walisema ana jini. Wengine, na hao ndio walionichoma roho, walisema anakunywa lutuku kwa siri, ile pombe kali ya kupikwa. Mzee wa msikiti na lutuku! Wazazi wakaanza kuwazuia watoto wasije kibarazani kwetu. Mama Mkubwa alikuwa na jibu la tatu: sukari imepanda. Kwa hiyo kila alipomwona mumewe anatetemeka, alichemsha majani machungu, akamnywesha bakuli zima, na akaficha kila kilicho kitamu, hata ndizi mbivu moja iliyoletwa na mgeni.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na usinicheke, hata leo bado ninayo. Nikajiuliza, ni jini gani huyu anayekimbia bugali? Kama ni pombe, mbona analewa asubuhi na kuzindukana jioni, wakati walevi wote ninaowajua hufanya kinyume? Na kama ni sukari inapanda, inapanda kutoka wapi, wakati nyumba nzima tumesahau ladha yake? Nikamuuliza Mama Mkubwa hilo la mwisho. Akanijibu, "Wee mutoto unaulizaka maneno mingi. Ugonjwa ya sukari njo vile." Mpaka uzee huu silipendi lile neno njo vile, yaani ndivyo ilivyo. Mtu akilisema, mlango umefungwa.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokuwa tunakula, kwa sababu jambo zima lilikuwa limejificha hapo. Wanaume walizunguka sinia moja ukumbini, wanawake tulikula jikoni. Mkubwa ndiye anayeanza kunyoosha mkono, na ni heshima yake pia kunawa mapema, ili chakula kinachobaki chini kiwe cha watoto. Ni desturi nzuri, nami siikani. Mama Mkubwa alikuwa jikoni, kwa hiyo dawa aliijua, sinia hakuliona. Wanaume waliliona sinia, lakini dawa haikuwa habari yao. Aliyeona vyote viwili ni mimi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwamwagia maji ya kunawa, na mwenye kazi hiyo husimama pale pale na birika mpaka mwisho.

Nikaanza kuuangalia mkono wa Baba Mkubwa. Alikuwa anamega kidogo, anachovya, anatafuna taratibu huku anaongea, anasifu mboga, anauliza habari za huyu na yule. Mtu asiyetazama angedhani anakula. Wenzake wakiwa bado katikati, yeye ananiita nimwagie maji. Na kila watoto walivyozidi kukonda, ndivyo alivyonawa mapema zaidi. Nilianza kuona kwamba asubuhi mbaya zilifuata jioni alizonawa mapema sana. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba vinafuatana.

Siku moja alikwenda kivukoni kupanda mtumbwi wa kuvuka mto Lualaba, apeleke nguo za mteja wa ng'ambo, mtaa wa Kasuku. Jua lilikuwa halijafika utosini mtu alipotujia nyumbani, akasema bila hata salamu, "Muzee yenu amelewa kule ku kivuko. Mukuje mumuchukue."

Mama Mkubwa alichukua chupa yake ya majani machungu, mimi nikatangulia. Nilimkuta ameegemea furushi la nguo, kanzu imeshikana na mgongo kwa jasho, macho yako wazi lakini hayanioni. Watu walikuwa wakimpita. Mpiga kasia mmoja aliniambia kwa upole, nadhani alitaka kuniondolea aibu, "Muache alale kidogo, pombe itamutoka."

Nilimgusa. Alikuwa wa baridi. Nilikuwa nimewahi kugusa walevi wa mtaani, hawakuwa hivyo. Karibu yetu palikuwa na mama aliyeuza miwa, nikamwomba kipande, akanipa bila kuuliza. Nilianza kukimenya kwa meno pale chini, na hapo Mama Mkubwa akafika, akaniona, akanishika mkono kwa nguvu.

"Unataka kumuua? Sukari njo sumu yake."

Fikiria, mwanangu. Kumpinga mkubwa mbele ya watu, na mkubwa mwenyewe yule aliyenilea! Lakini swali lilikuwa limeshanijaa mdomoni. Nikamwambia, "Mama mukubwa, jana jioni alikula nini?"

"Si alikula na wanaume wenzake."

"Hapana, hakukula. Njo mie ninawamwangiaka maji. Anagusa tu, kisha ananawa, anawaachia watoto. Ni siku nyingi sasa. Na asubuyi unamupa dawa."

Mama Mkubwa aliniachia mkono. Alimtazama mumewe, akaitazama ile chupa mkononi mwake, na nikaona anahesabu mambo kichwani, asubuhi moja baada ya nyingine. Kisha akaiweka chini. Akauchukua muwa kwangu, akauvunja, akaukamulia maji yake mdomoni mwa mumewe kidogo kidogo, akimwambia ameze, akimwita kwa jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia mbele zetu. Bahati ilikuwa upande wetu, bado aliweza kumeza. Sisi wengine tulisimama kama watu wanaongoja hukumu, maana hakuna aliyejua kama tunamponya au tunammaliza.

Jasho lilianza kukauka. Akapepesa macho. Akatafuna kipande kimoja mwenyewe, akaomba kingine. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya siku zote, "Mbona muko munanitazama hivi? Mutumbwi iko wapi?" Mama Mkubwa alikaa chini kwenye mchanga, akalia kwa sauti mbele ya wapiga kasia wote, wala hakujifunika uso.

Tulimpeleka kwa mganga mmoja wa hospitali aliyekuwa amehamia mtaa wetu kwa sababu ya vita. Nikamjaza maswali mpaka akacheka. Alitueleza kwamba damu lazima iwe na sukari yake kidogo, kwani ndiyo chakula cha akili. Ikipungua mno, mtu hutetemeka, hutokwa jasho la baridi, moyo humwenda mbio, njaa humkata, huwa mkali au mzubaifu, hadi aonekane mlevi, na mwisho huanguka kifafa au hupoteza fahamu. Kidonge kile kazi yake ni kushusha, wala hakimuulizi mtu kama amekula. Akampangia dawa upya, kidogo kuliko mwanzo, ya kumezwa na chakula, na akamweleza la kufanya siku isiyokuwa na chakula. Alisisitiza kwamba kupunguza au kuacha dawa si kazi ya mke wala ya jirani.

Kisha akamgeukia Baba Mkubwa, akamuuliza kwa nini alificha njaa yake. Baba Mkubwa aliinamisha kichwa. "Nilikuwa naona aya," alisema, yaani aliona haya. "Utakula namna gani, na mutoto anakuangalia mukono?"

Kuanzia jioni ile, Mama Mkubwa alitoka jikoni, akaja kukaa kwenye sinia la wanaume, bega kwa bega na mumewe. Majirani walisema sana. Yeye alikuwa anamega tonge, anamwekea mumewe mbele, na hanyooshi mkono tena mpaka ameliona limeingia kinywani. Baba Mkubwa aliishi akaiona amani, akawashonea nguo watoto wa wale watoto waliokuwa wanamtazama mkono. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake.

Basi shika haya, mwanangu. Kabla ya kumchoma mama yako, muulize amekula nini, na usikubali jibu la juu juu. Akisema ameshiba, tazama sahani. Kina mama wa hapa ni mabingwa wa kushiba kwa maneno. Siku atakapolima sana, au kutapika, au kuhara, au kushikwa na malaria asiweze kula, sindano ile ile ya kila siku inaweza kumzidi nguvu. Nenda ukaulize hospitali mapema. Kwinini nayo hushusha sukari, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito. Akitaka kufunga Ramadhani, au kufunga kwa maombi kama wenzetu wa kanisani, amwone daktari kwanza. Majani ya kienyeji juu ya dawa, usimpe bila kuuliza.

Ukimwona anatetemeka, ametota jasho, anakufokea bila sababu, usimfokee. Kama una ile mashine ndogo ya kupima damu ya kidole, mpime. Kama huna, usisubiri: mpe chai yenye sukari nyingi, au soda tamu, au asali, ungoje kama robo saa, na asipopata nafuu umpe tena. Akizindukana, ale chakula cha kweli. Usiogope kwamba umempa sumu. Sukari kupanda kidogo hakutamuua kwa robo saa hiyo, kushuka kunaweza. Lakini akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, simamisha pikipiki yoyote, mfike hospitali.

Na kivukoni au sokoni ukimkuta mtu ameanguka, na watu wanasema, "Ni mlevi, muache alale," wewe usimwache. Hata aliyekunywa kweli, pombe kali kwenye tumbo tupu hushusha sukari, na anaweza asiamke tena kutoka usingizi ule. Muinamie, mguse, muulize.

Jambo la mwisho ni lako wewe. Mtakapokuwa mezani na chakula ni kidogo, mama yako atakusukumia sahani. Kula naye. Usimwachie aone aibu peke yake.

Mungu aibariki mikono yako inayochoma na kulisha, amkalishe mama yako nawe mpaka aone wajukuu wake, na asikunyime kamwe ujasiri wa kuuliza mbele ya wakubwa. Nenda sasa, kabla hajameza mate ya njaa akasema ameshiba.