Mtani Nyuma ya Taa ya Breki

Taa ya LED ya breki, upande wa kulia, ilikufa asubuhi ya ndoa ya mpwa wangu kule Mkuyuni. Mimi ndiye mjomba, na kwetu Waluguru ndoa haianzi mjomba hayupo. Nikaweka balbu mpya, nikakaa kwenye usukani, nikamwomba jirani yangu Mnyamwezi asimame nyuma aniangalizie.

Nikakanyaga breki. “Vipi?”

“Giza tupu, mtani.”

Nikaichomoa balbu na kuigeuza, maana baadhi ya LED hukubali upande mmoja tu. “Sasa je?”

“Bado. Labda imegundua dereva ni Mluguru.”

Nikakagua fyuzi. Nikasugua soketi kwa msasa. Nikapima kwa mita, umeme ukawa unafika vizuri. Kila nilipokanyaga, alijibu kwa huzuni kwamba haijawaka.

Saa sita mke wangu akatoka amevaa tayari, akapita nyuma ya gari nikiwa nimekanyaga.

“Baba watoto, hiyo taa inanichoma macho. Tunangoja nini?”

Mtani akaketi chini kwa kicheko. Ilikuwa imewaka tangu nilipoigeuza. Mita najua kuisoma, lakini nilisahau kwamba mtani hafanywi shahidi.

Mkuyuni, mtani akiwa nasi garini, tulimkuta shehe amechoka kuningoja na ukoo mzima umenikodolea macho. Pilau ilipoanza kupakuliwa, niliwanong'oneza wapakuaji kwamba yule mgeni wetu Mnyamwezi amefunga sunna.