Siku Polisi Walipofuata Ushauri Wangu

Mimi ni mshauri wa polisi. Neno hilo nalisema hivyo hivyo, kavu, kwa sababu wengine wakilisema hulipamba. Kituo chetu huku magharibi ya Sydney kina kamati ya watu wa kujitolea, na kila mmoja wetu anaitwa mshauri huru wa jamii. Huru maana yake hatulipwi. Jamii maana yake mimi peke yangu nahesabiwa kuwa Waafrika wote wa Mount Druitt na viunga vyake, wawe Warundi kama mimi, Wakongo, Wakenya, au wale Waislamu wa pwani ambao mambo yao nayajua kama anavyoyajua sajenti wa kituo mwenyewe, yaani siyajui.

Shule niliiacha darasa la tatu. Kirundi nilizaliwa nacho, Kiswahili nilikipata kambini Tanzania, na Kiingereza changu kinatosha kukemea. Kukemea ndiko kulikonipeleka kamatini. Gari la polisi lilikuwa na tabia ya kuegeshwa mbele ya ukumbi tunaosalia, palepale wanapopitishwa vikongwe wetu kwenye viti vya magurudumu. Nikaenda kituoni nikamwambia sajenti kwamba kama hana mama, basi alikuwa naye. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kama Alhamisi jioni huwa nina nafasi. Nilidhani ananiita kwenye kesi. Kumbe ananipa cheo.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye Kiswahili anakisikia na Kiingereza ndicho anachojibia, aliniuliza kwa hicho Kiingereza chake kama sasa nitakuwa nakamata watu.

"Nitaanza na wewe na hicho chumba chako," nikamwambia.

Mikutano yenyewe ni biskuti na swali moja. Swali ni hili: polisi wafanye nini ili jamii iwaamini? Mimi husema, piteni mtaani kwa miguu, salimieni watu hata siku ambayo hamna shida nao. Sajenti hushukuru, husema huo ni ushauri wa thamani sana, na mwezi unaofuata anauliza tena swali lilelile. Nilizoea. Mshauri ni kama saa ya ukutani ukumbini: kila mtu anaitazama na mkutano unachelewa vilevile.

Basi, Jumamosi moja ya baridi kali, mchana, alikuja kwangu mwanamke mmoja wa kanisani kwetu. Namwita mwanangu ingawa sikumzaa. Anaishi na baba yake mzazi, mzee aliyekuwa fundi mwashi huko tulikotoka, ambaye siku hizi ana ugonjwa wa kusahau. Huyu binti anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Anaamka alfajiri kwenda kuogesha wazazi wa watu wengine, na wa kwake anamwachia uji mezani na vidonge vya presha kando ya bakuli. Siku hiyo alirudi akakuta mlango wazi, uji umenywewa, vidonge vipo, mzee hayupo.

Alikuwa ameshazunguka mtaa mzima. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mama, usiwaambie," akasema.

"Nisiwaambie kina nani?"

"Watu wako."

Watu wangu ni polisi. Ndivyo wanavyoniambia kanisani wakitaka kunichoma.

"Wakijua anatoka mwenyewe, watasema siwezi kumtunza," akasema. "Watamchukua wampeleke kule. Mimi nafanya kazi kule, mama. Nawaona wanavyokaa wamegeuzwa dirishani."

"Na akilala nje na baridi hii, kesho utamgeuza upande gani?"

Mimi nikapiga simu.

Niseme haki, sajenti alikuja mwenyewe, na haraka. Kabla chai haijachemka, barabara ilikuwa na magari matatu na helikopta ilikuwa juu ya kijito. Sajenti akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa adabu zote, "Kwa kawaida, mzee wa jamii yenu akipotea, huelekea wapi?"

"Sajenti, wazee wetu hawana mahali maalumu pa kupotelea."

Akasubiri. Wamefundishwa kusubiri. Nikaona niseme kitu, nikasema alikuwa mwashi, labda waangalie kwenye nyumba zinazojengwa. Wakatumwa vijana wawili kwenda kutazama matofali. Kisha akasema anataka askari wapite nyumba kwa nyumba. Hapo nikamsimamisha. Nilimweleza kwamba kwa watu wetu wengi sare ikisimama mlangoni watu hutorokea ua wa nyuma, hata wasio na kosa, kwa sababu kule walikotoka sare haikuja kuuliza habari za mzee. Nikamwambia, nyumba za Waafrika niachieni mimi. Ninyi chukueni vichaka, kijito na barabara.

Akafikiri, akakubali. Tangu niingie kamati ile, huo ulikuwa ushauri wangu wa kwanza kufuatwa.

Nikatuma sauti kwenye makundi ya simu, la kanisa, la akina mama, na lile la misiba ambalo kila mtu yumo. Nilisema mzee wetu amepotea, kichwa hakimkai sawa, amevaa sweta la kahawia, anazunguka barabarani, atakayemwona apige simu. Nyumba za Warundi ninaowajua nilizipitia mwenyewe hadi jua likazama. Kila nyumba walinikaribisha ndani, wakanipa kiti, wakasikitika. Hakuna aliyemwona.

Jumapili kanisani mchungaji aliomba mzee apatikane. Helikopta ikapita juu ya paa, mwisho wa ombi hatukuusikia, tukaitikia amina kwa kukisia. Binti alikuwa amekaa karibu nami na vidonge vya baba yake mkobani. Kila mara aliingiza mkono kuhakikisha vipo, kana kwamba navyo vinaweza kutoka vyenyewe. Sajenti alikuwa ameshatuambia, kwa sauti ile ya chini, kwamba usiku wa pili nje kwa mtu wa umri ule si jambo zuri. Hakuna aliyemuuliza si zuri kiasi gani.

Mchana nilikuwa jikoni nikasikia hodi. Alikuwa mama mmoja Mkongo ambaye wajukuu wake na wangu wanasoma pamoja. Amebeba ndizi, amejifunga kitenge cha kutokea. Nikajua ana jambo. Binti wa mzee alikuwa amelala chumbani kwa mjukuu, angalau amefumba macho. Nikamkaribisha mgeni, nikampa chai, tukaulizana habari za nyumba, za watoto, za magoti. Alipomaliza kikombe ndipo akaanza.

"Bon. Mama, watu wanasema wewe ni mshauri."

"Wa polisi."

"Ni vile vile. Nishauri na mimi. Niko na kashida kadogo."

"Sema."

"Mtu mukubwa akikuja kwako kama mugeni, unamuuliza namna gani siku ya kurudi? Bila kumufukuza. Bila haya."

"Inategemea ni mgeni wa nani."

"Ndiyo kashida kenyewe."

Akanieleza. Jumamosi asubuhi alikuwa amefungua mlango kupitisha hewa. Mzee mmoja akapiga hodi, amevaa koti na kofia, safi kabisa. Akaingia, akasalimia, akaketi. Mama huyu akajua ni upande wa mume, maana mume ana wajomba Adelaide ambao yeye mke hajawahi kuwaona. Akaandaa chakula. Mume anafanya kazi za usiku kwenye ghala huko Smithfield. Alipoamka akamkuta mzee mezani, naye akajua ni upande wa mke. Akainama, akamshika mkono kwa mikono miwili, akampa kitanda chake. Kisha mume akaenda kazini. Mke naye kukicha akatoka kwenda kazini kwake. Hao ni watu wanaopishana mlangoni kama zamu za walinzi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake amtambulishe mzee wake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake huyu ni nani. Unamuulizaje mumeo hivyo kuhusu mjomba wake? Utaonekana umechoka kulisha ukoo.

Leo mchana ndipo mume alimwambia, "Baba yako anapenda chumvi." Naye akajibu, "Baba yangu yupi?"

Niliweka kikombe chini.

"Mama, hukusikia sauti niliyotuma?"

"Nilisikia sana, nikamuombea. Ulisema mzee amepotea, anazunguka barabarani, ako na sweta. Huyu wetu hazunguki. Anakaa."

"Anakaa."

"Anakaa vizuri, anaomba kabla ya kula, anafunga televizheni. Watoto wakimusemesha Kiingereza hawajibu. Sasa wanamusemesha Kiswahili, mama, watoto yangu. Mimi nilisema huyu ni mutu mwenye akili."

"Na jina hukumuuliza?"

Akanitazama.

"Wewe ungemuuliza?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikatafuta ukali, sikuupata. Mzee mwenye kofia ameingia kwangu, hajala, hajasema kilichomleta, nami nimuulize yeye ni nani? Ningemwongezea chai.

Nikamwamsha binti, nikapiga simu kituoni. Nyumba yenyewe ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwa binti. Askari aliyekuja nasi alikuwa msichana wa Kivietnamu, wazazi wake wa upande wa Fairfield, mdogo kiasi kwamba sare ilimvaa yeye. Njiani nilijiandaa kumfundisha jinsi ya kuingia kwenye nyumba ya watu. Tulipofika, akavua viatu mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akaviweka sambamba na vya wenye nyumba. Binti wa mzee aliingia na vya kwake.

Mzee alikuwa sebuleni, kofia gotini, mtoto mmoja wa nyumba kila upande. Alikuwa amenenepa, au niseme alikuwa amepumzika. Binti alisimama mlangoni, mkono mdomoni, machozi yakamtoka bila sauti. Askari akasema maneno machache kwenye redio yake begani. Baada ya muda tukasikia helikopta inaondoka, na mama mwenye nyumba akasema, afadhali, ilikuwa inamsumbua mzee tangu jana.

Kisha askari akaniomba nimuulizie mwenyeji swali. Alitaka kujua kama mzee alizuiwa kuondoka.

Nikauliza.

"Tulimuzuia, ndiyo," mama akasema, uso wazi. "Kila akisimama tunamwambia, mzee, unaenda wapi, kaa, chakula iko njiani."

Nikamtafsiria askari kwamba mzee alitunzwa vizuri. Mimi ni mshauri huru.

Askari akasema na jambo la pili, polepole, akimtazama binti na si mimi. Alisema atalazimika kutoa taarifa, na kuna mtu atakuja nyumbani kuangalia kama mzee ni salama akibaki peke yake. Binti hakungoja tafsiri. Alilisikia lile alilokuwa analiogopa tangu Jumamosi, na akaanza kusema kwa Kiingereza cha haraka kwamba hatamwacha tena, ataacha kazi, atafunga mlango kwa nje.

"Mlango hutafunga," nikamwambia. "Mtu si mbuzi. Na kazi ukiiacha mtakula kofia?"

Mume wa nyumba alikuwa amekaa pembeni, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya usingizi wa mchana. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi asubuhi niko hapa. Narudi kutoka kazi kabla yeye aondoke. Mzee anaweza kukaa. Amezoea kiti ile."

"Na wewe unalala," mke wake akasema.

"Yeye atanichunga."

Nikamtafsiria askari yote hayo, hili nalo neno kwa neno. Hakuahidi kitu. Alisema ataweka kwenye taarifa yake kwamba kuna jirani. Nikamwambia aongeze kwamba jirani huyo anapika. Akauliza kama hiyo ni muhimu. Nikamwambia ndiyo iliyomweka mzee hai siku mbili, si helikopta.

Mwenye nyumba alikuwa ameshaleta maji ya kunawa na kuweka sinia. Askari akasema yuko kazini. Nikamwambia hata huyu mama yuko kazini tangu jana. Akanawa.

Mzee akanivuta mkono. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa bado amesimama palepale mlangoni na vidonge kiganjani, akilia. Akaniinamia sikioni ili asimwaibishe.

"Yule mama ni wa upande gani?"

"Wa upande wako," nikamjibu.

Alimtazama sana. Sijui aliona nini, na sitasema alimtambua, kwa sababu sikuona dalili hiyo. Akasogea kwenye kochi, akamsukuma mtoto mmoja akae chini, akapapasa ile nafasi kwa mkono.

"Basi mbona mmemwacha wima? Aje ale."

Binti akaja, akaketi. Viatu alivua hapohapo.