Maji ya Chumvi ya Bibi

Harufu ya papa mkavu hadi leo hunifukuza jikoni. Mwaka ule wa uchaguzi, nikiwa darasa la tatu, nyumba yetu ya Madungu ilinuka papa asubuhi na jioni, na mlaji mkuu alikuwa bibi yangu, Bi Time. Alishikwa na kisunzi. Akisimama tu, dunia inamzunguka. Mama akatoa hukumu palepale, bila kipimo wala daktari: presha imeshuka. Na presha iliyoshuka, kwetu, hupandishwa kwa chumvi. Basi bibi wa watu akawa anakunywa maji ya chumvi kwa bilauri, na papa wa chumvi juu yake, mpaka nikamwambia karibu ataota magamba. Alicheka huku ameshika kichwa. Mimi nikadhani amekishika kwa utamu wa mzaha wangu.

Mashine ya kupimia presha ilikuwa nyumba ya pili tu, kwa Bi Zuwena, muuguzi. Lakini Bi Zuwena alikuwa wa chama kile kingine. Tangu kampeni zianze hatusalimiani nao, hatununui dukani kwao, hata walipofiwa hatukwenda kuzika. Na bibi alikuwa mkali kuliko wenye chama wenyewe. "Mkono wangu asiuguse yule," alisema. "Bora nife."

Adhuhuri moja bilauri ikamponyoka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka mazito kama ana tende kinywani. Baba yuko shamba. Mama akatoka mbio mpaka kwenye mlango tulioapa hatutaugusa, nami nyuma yake, roho iko mkononi. "Hodi, Bi Zuwena! Mama ananifia!"

Bi Zuwena hakuuliza chama. Alikuja na mashine, vidole bado vina unga. Alipomfunga mkanda wa mashine mkononi, bibi akaanza kumgombeza kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Nyamaza, Bi Time. Ukigomba, hata mashine itapandwa na hasira."

Akajaza upepo, akasikiliza, akajaza tena. Uso ukambadilika.

"Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini! Mtu mzima aliyetulia huwa kwenye mia na ishirini kwa themanini, au chini yake kidogo. Moyo hupiga sitini mpaka mia kwa dakika. Huyu kalala, na moyo unakwenda kama anafukuzwa. Mnampa nini nyie?"

Mama akainama kuiokota bilauri. Nikajibu mimi: "Chumvi."

Bi Zuwena akakaa chini sakafuni. "Kisunzi hata presha ikipanda kinakuja, wanangu. Mngeniuliza tu."

Hospitali walimrudisha nusu. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Mwaka uliofuata tukamzika. Bi Zuwena alikuja kumwosha, na baba hakumwambia hata ahsante.

Sasa niko sekondari, na mwaka huu bendera zimepandishwa tena, mtaa umeacha kusalimiana tena. Mama analalamika kichwa, kisogoni. Juzi, baba alipokwenda barazani kwa wenziwe, nilimpitisha mama kwa Bi Zuwena kupitia mlango wa uani. Ndiyo maendeleo yetu hayo: zamani hatukwenda kabisa, siku hizi tunakwenda kama wezi wa kuku. Mama alikaa akapumzika, akapimwa, akapimwa tena: mia na sabini kwa mia na tano. Namba za mtu mzima mwenye afya nazijua kwa ghibu; nyumbani kwetu bado sijaona aliye nazo.