Waliokuja Baada ya Chui

Nilipokuwa mtoto, kila likizo kubwa tulipelekwa kwa koko yangu, mama yake baba, katika kijiji kilichopakana na msitu, mwendo mrefu kwa miguu kutoka Bagira, mwisho wa mji. Sisi tulikuwa watoto wa mjini, wa Kadutu, tuliozoea kelele za soko, na kimya cha huko kilimani kilitutisha. Kulikuwa na chui. Sikumwona hata mara moja akiwa hai. Niliona tu alama za kucha zake kwenye gome la mti.

Koko hakutaka tumtaje kwa jina. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, rozari shingoni, lakini katika jambo hilo hakumwuliza padri. Chui alikuwa Muzee, basi. Alisema wakubwa waliokufa ndio waliomweka pale achunge kilima.

"Anachunga nini, koko?" nilimuuliza.

"Anachunga bale badogo, basikuje kutumaliza."

Sikuelewa wadogo gani, na sikuuliza tena.

Mwaka mmoja Muzee alichukua ndama wa jirani yetu, mtu mpole ambaye watoto wote tulimwita tonton Bisimwa, yaani mjomba. Wanaume walitega waya, wakamnasa, wakammaliza kwa mikuki. Wakamteremsha kijijini wakiimba, amefungwa kwenye mti mrefu wa kubebea, na kila mtu akatoka kumtazama. Mimi nilishangaa jinsi alivyokuwa mdogo kuliko hofu yetu. Koko hakutoka. Alibaki mlangoni akichambua maharage, mpaka tonton Bisimwa, akinuka kasiksi, pombe ya ndizi, alipomjia kumsalimu.

"Maman, Muzee yako njo huyu."

"Namuona," koko alisema. "Mumeua mwenyeji. Sasa bale alikuwa anafukuza, beko njiani."

Wanawake waliokuwa karibu walitazamana. Nilikuwa mtoto, lakini niliona.

Likizo iliyofuata tulikuta kama kijiji kingine. Kuku waliokotwa hawana vichwa. Sungura wa kufugwa walichukuliwa mchana kweupe. Mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu, alipita kati ya mihogo kama mtu anayekwenda kwa shemeji yake, na bweha walilia karibu na nyumba jua likiwa bado juu. Zamani wanyama hao walipita mbali, kwa sababu chui huwala wao pia. Hakuna aliyesema hivyo. Watu walisema jambo moja tu: mama yule alijua kabla.

Kisha mondo mmoja akanaswa mguu kwenye mtego wa tonton Bisimwa, akajing'oa akakimbia akichechemea. Jumapili ya wiki ile ile koko aliingia kanisani anachechemea. Alikuwa ameteleza kwenye tope la njia ya kisimani. Nilikuwa naye, nilimsaidia kuinuka, na nilisema hivyo mbele ya watu.

"Wewe mutoto unamufunika koko yako," mke wa Bisimwa aliniambia, bila hasira.

Hakuna aliyetamka neno uchawi, lakini tangu siku hiyo benchi la koko kanisani lilikuwa na nafasi nyingi. Nilipotumwa kuomba kaa la moto kwa jirani, niliambiwa moto umezimika, na huku moshi ulikuwa unatoka jikoni kwao. Nami nilianza kuwatazama: nani ananong'ona, nani ananyamaza tukipita.

Alasiri moja tonton Bisimwa alikuja na wanaume wengine. Walivua kofia.

"Maman, hatukuje kwa ubaya," alisema. "Ita tu banyama yako, barudi."

"Banyama yangu?" Koko aliwaonyesha manyoya yaliyotapakaa kando ya mlango. "Mi nilikuwa na kuku mbili. Moja balikula jana."

Walipokuwa wanaondoka nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba koko amemla kuku huyo mwenyewe, ili awadanganye. Hapo nilielewa kwamba hakuna kitu koko angeweza kuonyesha kikamsaidia.

Baba alikuja kumchukua kabla likizo haijaisha. Koko akaishi nasi Kadutu, akilala chumba kimoja na sisi watoto, akiogopa ngazi za udongo na pikipiki, mpaka alipofariki. Kule kijijini kuku waliendelea kuliwa.

Siku moja nilimuuliza alijuaje. Hakuona kama ni swali gumu.

"Nilikuwaka mutoto kama wewe. Kwa baba yangu balimaliza bachui, bauzishe ngozi. Kisha bweha bakaanza kuingia mpaka mu nyumba. Njo vile nilijua."

Ukubwani nimewasikia walinzi wa msitu wakieleza jambo hilo hilo: mnyama mkubwa akiondoka, wadogo aliowatisha huongezeka na kupata ujasiri. Hawataji wakubwa waliokufa. Mengine yote ni maneno yale yale ya koko.

Mwaka jana nilikutana na tonton Bisimwa sokoni Kadutu. Amezeeka, macho yamefifia, na alinishika mkono kwa upendo wa kweli. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilimweleza yote pole pole, habari za chui na mondo, na namna koko alivyoyaona hayo kwanza kwao, akiwa msichana mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Kumbe," alisema. "Alianza nayo tangu utoto."

Nilimnunulia ndizi mbivu, tukaagana vizuri. Sikumkasirikia. Hakuwa amekosa maelezo; nilikuwa nimempa yote, naye aliyapokea. Aliyaweka tu mahali alipokuwa ameshamweka koko. Nilipokuwa nikipanda njia ya kurudi nyumbani, kwa mara ya kwanza nilimshukuru baba kwa kutobishana na mtu siku ile ya kuondoka kijijini, na kumfungia koko mizigo yake haraka.