Kodi ya Twalib na Sukari ya Mama

Twalib wa Mombasa alipanga chumba Kilburn, Uingereza, juu ya duka la viatu, na humo chumbani aliyemsemesha ni redio. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Alitoka asubuhi kukiwa giza, akarudi jioni kukiwa giza, na miaka tisa ikapita hivyo pasi na mtu wa kumuuliza leo umekula nini. Upweke ulimtafuna, tusifichane.

Kisha akapata habari kazini. Enzi hizo serikali ya Uingereza ilimpunguzia kodi mtu anayemtunza mamaake mjane au mgonjwa, hata mama akiwa ng'ambo. Na Bi Rukia, mamaake Twalib, alikuwa mjane mwenye ugonjwa wa sukari, na dawa zake zilitoka mfukoni mwa mwanawe. Akirudishiwa kodi ya miaka ya nyuma, Twalib angepata nauli ya kwenda kumwona. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Akamwendea Ranjan, mhasibu wa Rayners Lane, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mwangalifu mpaka anaudhi. Ranjan hakutia sahihi jambo asilolihakikisha. Akasema atampigia simu Bi Rukia, amsikie mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Bi Rukia aliletwa nyumba ya jirani kwenye simu, na Twalib akakaa ofisini kwa Ranjan, sikio kalitega.

"Mama, shikamoo. Nasikia unaumwa, na Twalib ndiye anayekutunza."

"Marahaba. Nani kakwambia naumwa? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Sina ninachokosa. Mwambie mwanangu asijisumbue."

Ungetaka aseme nini? Mwanamke wa Mombasa aliyefunzwa akafunzika, aanze kumtajia mwanamume asiyemjua maradhi yake, na kwamba analishwa? Thubutu! Aibu hiyo angeificha hata kwa kadhi.

Ranjan akaziba simu kwa kiganja. "Bwana Twalib, siwezi kusaini. Amesema mwenyewe ni mzima."

Twalib akampokonya simu, hasira zimempanda.

"Mama, mbona umeniharibia? Nilitaka nije nikuone!"

"Nilidhani mtu wa serikali, mwanangu. Nikakuonea huruma, wasije wakasema nakunyonya." Akakohoa kidogo. "Wewe je, hujambo?"

"Sijambo, mama. Marafiki tele, kila siku tunakula pamoja."

Aliyasema kama alivyoyasema katika kila barua. Safari hii akajisikia akiyasema, na uso ukamwaka moto. Uongo huu aliurithi kwa nani, kama si kwa huyu huyu anayemlaumu? Akageukia ukuta, Ranjan asimwone machozi.

"Mama, nimekudanganya. Sina rafiki hata mmoja huku. Nakula peke yangu, naumwa peke yangu. Nimechoka."



"Basi na mimi nikwambie," akasema Bi Rukia. "Mguu wa kulia walinikata mwaka jana. Niliwakataza wasikuandikie."

Ranjan, ambaye sauti ile ilimfikia, akachukua kalamu akauliza polepole kama sasa ajaze fomu ya kodi. Twalib hakumsikia.

"Na chooni, mama, nani anakupeleka?"

"Hakuna, mwanangu. Natambaa."