Bakuli Nililolirudisha Tupu Likoni

Kabla hujaanza kucheka, kaa kitako unisikilize, maana wanaocheka wamenichosha. Kila nikieleza habari hii hutokea mjuaji mmoja akaniambia eti jua lilinipiga utosini. Jua gani? Mimi mtu wa Unguja, jua nimezaliwa nalo! Haya yalinifika mwenyewe, mchana kweupe, Likoni, miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika. Wallahi siongezi neno.

Tulikuwa vijana kumi na mmoja wa chuo cha ualimu, tumepelekwa Kenya wiki mbili kutazama skuli za wenzetu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka Unguja. Tuliazimwa nyumba Likoni, karibu na msikiti. Asubuhi tukivuka kwa feri kwenda mjini, adhuhuri tukirudi, na jioni wenzangu wakienda kutembea. Mimi je? Mimi ndiye mdogo kuliko wote, basi zamu ya jikoni wakaniachia moja kwa moja. Nimevuka bahari kuja kuchochea kuni za watu!

Ndiyo maana bibi mmoja wa jirani nilimjua mimi peke yangu. Kila jioni alipiga hodi, ameshika bakuli la kauri lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa. Leo mbaazi za nazi, kesho mahamri, keshokutwa samaki wa kupaka. Hunimiminia kwenye sahani zetu, akasema, "Kuleni, wageni wa Mungu," akaenda zake na bakuli lake. Jioni ya mwisho tu ndiyo aliyoliacha. "Kesho mtaniletea," akasema. "Nyumba yangu nyuma ya msikiti, ukishapita mikanju." Mikorosho hiyo.

Siku ya kuondoka, mwalimu wetu akanipa kifurushi cha sukari, ratili nzima. "Itie kwenye bakuli la yule bibi," akaniambia. "Usije ukamrudishia chombo kitupu, watu wakasema hatukufunzwa kwetu."

Kwani nilihitaji kuambiwa? Kwetu hata mtoto anajua, jirani akikuletea chakula, chombo chake kinarudi na kitu, hata kama ni chumvi. Lakini sukari siku zile ilikuwa ya kugaiwa kwa kadi, na mama yangu, mjane, alikuwa akinisomesha kwa kuuza vitumbua. Sasa bila sukari utapika kitumbua gani? Nikaificha kwenye mkoba wangu. Niliona haya, sikatai, lakini niliificha.

Meli yetu ilikuwa ing'oe nanga saa kumi. Mwalimu alikwishasema kwamba atakayechelewa ataachwa, na akirudi Unguja asahau chuo. Nikaambiwa nipeleke bakuli mbio, kisha niwakute kwenye feri. Saa nane na nusu nikatoka.

Nilimkuta amekaa kibarazani, nyumba ya makuti, peke yake. Unangoja nikwambie alikuwa na kwato za punda? Hakuwa nazo. Nilimtazama miguu, ilikuwa miguu ya mtu mzima, visigino vimepasuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae."

"Nina haraka, bibi, meli inatungoja. Mwalimu anakushukuru sana." Nikamkabidhi bakuli.

Akatazama ndani. Akanitazama mimi. "Ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivi, bibi. Tumeishiwa."

"Haya. Enda salama."

Nikaenda. Kutoka pale hadi msikitini hapazidi dakika tano. Nikapita mikanju, nikainua macho nitazame mnara, nikaona kibaraza. Bibi amekaa palepale, bakuli mapajani. Nikasema nimepotea, mgeni mimi. Nikageuka, nikashika njia ya upande wa pili. Mikanju, vumbi, kibaraza. Hapo nikaanza kukasirika. Ndiyo, kukasirika, kuogopa kulikuja baadaye! Nikavua viatu, nikakimbia nikiwatukana waliochora njia ile na wazazi wao. Nikatokea kibarazani mara ya tatu, nahema, shati limenigandia mwilini, na kwa mbali nasikia honi ya meli.

"Bibi, unanitakia nini?" nikapiga kelele.

"Mimi? Si nimekwambia enda?"

Uchungu ukanipanda mpaka nikalia. Miaka sita mama amekaa mbele ya jiko la vitumbua, ije ipotee kwa njia ya dakika tano! Nikafungua mkoba, nikautoa ule mfuko wa sukari, nikamtupia miguuni. "Haya, chukua! Yako hiyo! Niache niende!"

Akauokota polepole, akaupangusa vumbi, akanirudishia mkononi. "Ya mamako hii. Mpelekee."

Nani alimwambia habari za mama yangu?

"Basi nikupe nini?" nikamuuliza.

Akapitisha kidole ndani ya bakuli tupu, kwenye kitako chake, kama mtu anayekomba mchuzi wa mwisho, akakilamba. Akafumba macho. "Nishapata," akasema. "Enda, mwanangu."

Nikageuka, na msikiti huo, hatua ishirini mbele yangu.

Feri niliidandia inaondoka. Mwalimu akanifokea, kisha akaniuliza, "Umempa?" Nikamjibu nimempa. Melini tukagaiwa mkate na ndizi, nikatafuna, sikusikia ladha. Nikasema ni bahari.

Haikuwa bahari. Mama alinichinjia kuku, akapika pilau, akakaa mbele yangu kunitazama ninavyokula. Nilikuwa kama natafuna karatasi iliyorowa. Akanipa chai, kaitia ile sukari niliyomletea kwa furaha zake zote, nikanywa maji ya moto. Toka siku ile mpaka leo! Madaktari wamenichungulia ulimi, waganga wamenifukiza mpaka nikakohoa wiki nzima. Wapi!

Likoni nimerudi mara tatu, kila mara na sukari begani. Nyumba hakuna anayeijua. Fundi cherehani mmoja karibu na msikiti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ulilirudisha na kitu?" Nikamwambia la. Akainama akaendelea kushona, hata pole hakunipa.

Lakini siyo hilo linalonikera. Mama, kila akipakua, aliniuliza, "Kimekolea, baba?" Nami hujibu, "Kitamu, mama." Ningemwambiaje ukweli, bila ya kumwambia kwamba sukari ile niliiiba? Nikafanya kazi ya kusifu. Chakula kitamu, uji mtamu, leo umepatia zaidi ya jana. Miaka kumi na minne.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alitaka uji. Nikampikia mwenyewe. Akaniambia, "Onja kwanza, sukari imetosha?" Nikaonja. "Imetosha, mama." Nikampa kijiko kimoja, akakiweka mdomoni, akanitazama. Sukari nilikuwa nimesahau kuitia, hata chembe.

"Kumbe," akasema. "Na siku zote zile?"

Nikafungua kinywa nimweleze yote, bibi, bakuli, sukari. Akageuza uso ukutani, akasema amechoka. Hakuuliza tena, na usiku ule alifariki.

Basi nakwambia wewe unayenisikiliza. Ukiletewa chakula na mtu, unayemjua au usiyemjua, usirudishe chombo chake kitupu, na usiseme umeishiwa hali unacho. Kama huna, tia hata ndimu moja, omba radhi kwa uchache wake, kisha ndiyo uende zako.