Patroni ni Mmoja

Juzi nilipita Old Town hapa Lilongwe, nyuma ya maduka ya jumla, pale vijana wanapokunja maboksi matupu na kuyafunga kamba. Harufu ya boksi la sabuni ikanikamata. Si harufu ya sabuni yenyewe, ni ya ile karatasi ngumu iliyolala na sabuni siku nyingi mpaka ikaiga harufu yake. Nikasimama na nyanya zangu mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Nilikuwa nimerudi Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, katikati ya miaka ya tisini, nina miaka tisa ao kumi. Mama mwenyewe hakuwa na hakika, na mi siwezi kujua kumshinda yeye.

Boksi la namna hiyo ndilo Mama Godeliva alilolikata kuwa patroni. Alikuwa jirani yetu, Mrundi, mwanamke wa mikono mikubwa na sindano ndogo. Patroni ni kipimo: unakiweka juu ya kitambaa, unachora pembeni yake, unakata, na vipande vyote vinatoka sawa. Lakini kwetu Kindu, mji tulioukimbia, patroni ni bosi pia. Basi nilipolisikia neno nilicheka.

"Mama Godeliva, yani leo bosi wangu ni boksi la sabuni?"

"Ndiyo, na ni bosi mkali," akasema. "Hapokei rushwa. Utaona."

Tulikuwa tunashona blanketi la viraka, la mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama yangu. Mimba ilikaa vibaya, ikabidi mama aende kungojea kwenye hospitali kubwa Lilongwe. Wanawake wa mstari wetu wa nyumba, Waislamu wa Maniema, mkoa wetu, na Warundi wa kanisani, wakagawana kazi kwa mabaki ya vitambaa yaliyotoka kwa mafundi wa mjini. Kila mmoja ashone kiraka kimoja cha vipande tisa, tatu kwa tatu, halafu viraka viunganishwe. Kiraka cha katikati nilipewa mimi. Sisemi nilistahili. Nafikiri walinihurumia.

Kabla ya kupanda gari, mama alinipa kitenge chake cha mbeleko.

"Hii nguo njo ilikubeba kule kwetu," alisema. "Iko na pembe moja tu nzima. Ukate pale, we mwenyewe, uweke katikati. Mutoto alalie kitu cha kwetu."

"Na nikikosea, mama?"

"Usikosee."

Gari likaondoka. Kitenge kilikuwa kimechoka mpaka ukikiinua unaona jua. Nilikinusa: moshi, mafuta ya mawese, na mama.

Nilianza vizuri. Kitambaa cheupe nilichora kwa kaa, cheusi nilichora kwa kipande cha sabuni kilichochongwa. Lakini boksi lilikuwa linateleza juu ya kitambaa. Nikabuni ujanja wangu: kitambaa juu ya kitambaa hakitelezi, vinashikana kama ndugu. Nikaacha boksi, nikachukua kipande nilichokata na kuchorea kingine. Hicho nacho nikachorea cha tatu. Ilikwenda mbio! Cha mwisho kilikuwa kile cha mbeleko. Nikakata, nikashona, nikavuta hapa, nikasukuma pale, nikakitandaza mkekani.

Spesioza, binti wa Mama Godeliva, alikiinamia akashika kiuno.

"Eh, fundi wa Kindu! Kiraka chako kinakwenda wapi? Naona kimeelekea viwandani Kanengo kutafuta kazi."

Kweli kilikuwa kinakwenda. Upande mmoja ulivimba, na zile pembe nne zinazozunguka kipande cha katikati, hakuna iliyokutana na mwenzake. Spesioza alicheka, lakini haki yake nimpe: ni yeye aliyeninyang'anya mkasi nilipotaka kunyoosha kingo kwa nguvu.

Mama Godeliva alichukua boksi lake. Aliweka patroni juu ya kipande cha mwisho. Kitambaa kilitokeza pande zote.

"Ulichorea nini?"

"Kipande."

"Na hicho kipande?"

"Kipande kingine."

"Mwana wanje, mwanangu, ule mstari nao una unene. Kila mara umeongeza unene wa mstari juu ya mstari. Cha kwanza ni mtoto wa patroni, cha pili mjukuu, hiki cha mwisho hawajuani kabisa. Patroni ni mmoja. Hata akiteleza, unarudi kwake." Akakishika kile cha mbeleko juu, kwenye mwanga. "Bahati umekosea kwa ukubwa. Kikubwa kinapunguzwa. Lakini nguo hii imechoka, itavumilia kufumuliwa mara moja tu. Ukikosea tena, tutaweka kitambaa kingine katikati."

Kitambaa kingine! Mtoto alalie mabaki ya suruali ya mtu tusiyemjua. Nilikataa moyoni, wala sikulia.

Nilifumua uzi kwa ncha ya sindano, mshono mmoja mmoja, nikiogopa hata kupumua. Nilichonga sabuni iwe kali. Boksi nililigandamiza kwa jiwe lisiteleze, na kila kipande nikakirudisha kwa bosi wangu apunguze. Nilipofika kwenye mbeleko nilishika mkasi, nikauweka chini, nikaushika tena.

"Sema Bismillahi yako," Mama Godeliva alisema bila kuinua macho, "halafu ukate."

Nikasema, nikakata. Nikashona, nafasi ya mshono upana wa ukucha wa kidole kidogo, na kila pembe nikaichoma pini kabla ya kuivuka. Mwishoni Mama Godeliva alipitisha dole gumba juu ya zile pembe. Kwenye moja alisita. Nilidhani anashangaa uzuri wake.

"Sasa kiraka kitaingia," akasema.

Mama alirudi na mtoto wa kike, Riziki. Alilifunua blanketi, akatafuta katikati, akaweka shavu pale kabla ya kumlaza mtoto.

Miaka yote nimewahadithia watoto wangu kwamba pembe zote nne zilikutana. Niliamini hivyo. Lakini baada ya harufu ile ya boksi roho haikutulia, nikaenda Kauma nyumbani kwa Riziki, ambaye analo lile blanketi mpaka leo. Tukalitandaza kitandani. Pembe tatu zimekutana. Ya nne imepita kwa upana wa punje ya mchele.

Njo pale dole gumba lilisita. Mama Godeliva aliona, akanyamaza, kwa sababu alijua nguo haikuwa na nguvu ya kufumuliwa tena, na pengine mimi pia. Na mimi, kila mwaka nilihadithia kwa kuchorea hadithi ya mwaka uliopita. Nimewaza hata Kindu ninayowasimulia watoto, sijui imevimba kiasi gani.

"Dada, unatafuta nini hapo?" Riziki aliuliza. "Kwani hiyo pembe iliwahi kuniamsha?"

Hapana, haikumwamsha. Lakini patroni ni mmoja. Basi niandike sawa: zilikutana tatu.